Nyuma ya Droo ya Mboga

Hivi wewe unayesikiliza, umewahi kujaribu kutupa friji? Si kulinunua, la. Kulinunua mtu hudunduliza, akatoa, likaletwa mlangoni na watu wawili wakicheka. Kulitupa ndiko kwenye jasho. Kama hayajakukuta, kaa kitako usikie yaliyomkuta Bi Kibibi wa Dunda, pale Bagamoyo, na friji ambalo wiki nzima halikutakiwa na mtu, kisha siku moja likatakiwa kwa saa mbili tu, na hizo saa mbili zikamtosha kuzeeka mara ya pili.

Friji lenyewe lilikuwa jeupe, la milango miwili, mdogo wa juu wa barafu na mkubwa wa chini. Weupe wake ulikuwa umeshageuka rangi ya samli. Alilinunua marehemu mumewe, Mzee Mbaruku, mwaka ule aliorudi Hija. Lilifanya kazi yake likachoka, na huu ulikuwa mwaka wa nane tangu life. Fundi alikuja, akaligonga mota kwa bisibisi, akasikiliza kama mganga, akasema, "Bibi, hili kalisomee hitima tu."

Lakini friji likifa nyumba za pwani halifi lote. Panya haingii, sisimizi hapati njia, na ule unyevu wa chumvi unaogandisha sukari hauvuki mpira wa mlango. Bi Kibibi akaligeuza kabati. Rafu ya juu sukari na majani ya chai. Ya kati unga wa ngano, tambi na mchele wa kupimia. Mlangoni, pale palipokuwa pa mayai, vichupa vya iliki, mdalasini na pilipili manga. Chini, kwenye droo ya mboga, vitunguu.

Na nyuma ya droo ile, pale panapoinuka nundu ya kuficha mota, palikuwa na nafasi kama ya mkono mmoja. Hapo ndipo alipoweka mfuko wa nailoni mzito, umekunjwa ukakaa bapa. Ndani ya mfuko, sanda mbili. Vipande vitano vya mwanamke, vitatu vya mwanamume, bafta nyeupe tupu. Mzee Mbaruku aliinunua Makka kwa mkono wake, akaichovya maji ya Zamzam, akaianika, akaikunja, akaja nayo pamoja na kipande cha karafuu maiti na kichupa cha marashi ya mawaridi. "Hii yako, hii yangu," alimwambia mkewe. "Tusije tukawasumbua watu siku hiyo."

Hakuna mwingine aliyejua. Mama yake Bi Kibibi alimfunza kwamba sanda unaitunza, huitangazi. Kuitaja mbele ya watoto ni kuwabishia msiba mlangoni.

Utauliza, mbona Mzee Mbaruku alikufa na sanda yake ikabaki? Alikufa hospitali, Dar es Salaam, alfajiri ya Ijumaa moja, miaka sita nyuma. Bi Kibibi alipopata habari aliutoa mfuko, akatandika mkeka ukumbini, akaketi na mfuko mapajani kungoja maiti iletwe. Wanawake wa mtaa wakaja, wakaketi naye. Adhuhuri ikapita. Laasiri ikapita. Baada ya Magharibi simu ikalia, mwanawe wa pekee, Abdulnasir, sauti imekatika kwa kilio: "Mama, Baba tumeshamhifadhi. Tumemzika hukuhuku Dar. Tuliona kumchelewesha si vizuri."

Bi Kibibi alisema, "Alhamdulillahi." Akaurudisha mfuko nyuma ya droo ya mboga. Hakusema jingine siku ile, wala mwaka ule, wala miaka iliyofuata.

Sasa Abdulnasir amejenga Kimara, nyumba ya vyumba vinne, na anataka mama yake akaishi naye. Nyumba ya Dunda ipangishwe. Kila alipomwuliza, Bi Kibibi alijibu, "Inshallah." Na Inshallah ya Bi Kibibi ilikuwa pana kama ukumbi, kila mtu aliingia na lake. Abdulnasir alisikia "ndiyo." Akamtuma mkewe, Naila, atangulie wiki moja kusafisha nyumba, naye angekuja Jumamosi na kenta ya kuhamisha vitu.

Naila alikuwa mwanamke wa kazi, mwepesi wa miguu, mwepesi wa ulimi, na hakuwa na roho mbaya. Siku ya kwanza tu alitoa uani sofa lililotoka matumbo, televisheni mbili za kichogo, godoro lililolika katikati, na friji akalisukuma mpaka ukumbini karibu na mlango.

"Mama, hivi vyote vinaondoka wiki hii."

"Inshallah," akasema Bi Kibibi.

Jumanne likaja gari la taka. Naila akatoka mbio, kanga mkononi.

"Kaka zangu, kuna friji hapa, na sofa."

Mtu wa juu ya gari akachungulia, akacheka. "Dada, sisi tunabeba viroba. Hatuhamishi nyumba."

"Lakini ni taka!"

"Taka ni kile kinachoingia kwenye kiroba."

Akaenda ofisi moja, ikamwelekeza ya pili. Ya pili ikamwambia dampo lipo, apeleke mwenyewe, ila vitu vya umeme vinataka barua, na barua inatoka ile ofisi ya kwanza. Akarudi ya kwanza, mwenye muhuri kaenda semina.

Jumatano akamsimamisha mama mwenye kiroba anayeokota chupa. Naila akafungua mlango wa friji, akaugonga kwa kucha. "Hii si plastiki?"

"Plastiki, dada. Ila si ya kwangu. Ya kwangu inakunjika."

Akaja muuza samaki, alitaka chombo cha barafu. Akauvuta mpira wa mlango, ukamkatikia mkononi. "Hapa barafu itakuwa inaniaga tu," akasema, akaenda zake. Akaja mmoja akasema anachukua televisheni, Naila akashukuru Mungu. Yule bwana akazivunja palepale barazani, akachomoa waya wa shaba, akabeba waya, akaacha vioo na maganda. Hivyo taka za Naila zikawa nyingi kuliko alipoanza. Alifagia vioo mpaka kiuno kikamwuma, akaingia ndani akajitupa kwenye mkeka.

"Mama, kununua takataka ni rahisi, lakini kuitoa! Utadhani natupa mtu."

Bi Kibibi akamkandia bega. "Basi liache, mwanangu. Litakaa. Halimli mtu."

Na kila alipokataliwa Naila, moyo wa Bi Kibibi ulikuwa unatulia kidogo. Usimlaumu. Nyumba nzima ilikuwa inafunguliwa, masanduku, makabati, hadi uvungu wa kitanda, na kila kitu kilichokunjwa kilikunjuliwa kikatazamwa. Angeuhamishia wapi mfuko ule? Aliwaza akaona mahali pa amani ndani ya nyumba inayopekuliwa ni ndani ya kitu kisichotakiwa na mtu. Akauacha hapohapo. Akaikaza na droo kwa kipande cha boksi, isitoke.

Alhamisi Bi Kibibi alikwenda hitima kwa jirani yake, Bi Raya. Alirudi saa saba na nusu, buibui mkononi, kisahani cha halua kimefunikwa kwa ajili ya mkwewe. Akasukuma mlango.

Ukumbini, pale friji lilipokuwa, palibaki mraba safi wa sakafu, na mende wawili wanazunguka hawajui waende wapi.

"Mama!" Naila alitoka jikoni anang'aa uso. "Limeondoka! Hatimaye limeondoka!"

Kisahani kikatua juu ya kiti. Bi Kibibi alikitua taratibu sana, kama mtu aliyebeba maji. "Nani kachukua?"

"Haji wa guta. Kapita, namwambia, kasema kuna mahali wanapokea. Wamelifunga kamba, hao. Vyakula vyako vyote nimetoa, Mama, vipo mezani, hata iliki haijamwagika."

"Na droo ya mboga?"

"Vitunguu nimetoa. Droo yenyewe ilikwama, nikaiacha. Kwani vipi?"

Bi Kibibi akafungua mdomo. Neno lilikuwa fupi, silabi mbili tu, lakini halikutoka. Akaona uso wa Naila ulivyofurahi, akaona atakavyopiga yowe, atakavyompigia mumewe simu, "Mama anajitayarishia kufa." Akavaa tena buibui.

"Nilikuwa na kitu changu mle."

"Kitu gani?"

"Kitu changu. Twende kwa Haji."

Haji walimkuta sokoni Dunda, anakula ugali na dagaa juu ya guta lake, ile baiskeli ya magurudumu matatu yenye kitanda cha mizigo. Guta lilikuwa tupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Friji langu liko wapi?"

"Mzigo umeshasepa, bibi. Nimeupeleka kwa Mama Katarina, kule njia ya Msata, yadi ya vyuma chakavu. Karibu dagaa."

"Kwa Katarina wanalifanya nini?" akauliza Naila.

"Wanatoa mota, wanatoa bati. Ile sponji ya manjano ya ndani haina mnunuzi, dada, wanaichoma. Kila siku saa nane, upepo ukielekea porini."

Naila akatazama simu yake. Saa nane na dakika tano. "Mpigie!"

Haji akajifuta vidole, akapiga. Simu ya Katarina haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. "Pale yadi mtandao ni wa kubahatisha," akasema. "Kwani bibi kasahau nini? Nyama?"

Bi Kibibi alikuwa ameshageuka, anaita bajaji.

Njiani Naila hakunyamaza. Bajaji inaruka mashimo, naye anauliza. Ni hati ya nyumba? Si hati. Ni dhahabu? Si dhahabu. Ni dawa za waganga, Mama, usinifiche? "Astaghfirullah," akasema Bi Kibibi, "mimi na dawa za waganga!" Basi ni nini? Bi Kibibi aliangalia mbele. Walipita nyumba za mwisho, wakapita mkorosho, wakapita mtu anayeuza muhogo. Kilima cha kwanza kilipoisha akaona moshi. Mweusi, mnene, unapanda umenyooka kisha unainamia porini.

"Ongeza mwendo, mwanangu," akamwambia dereva.

"Bibi, hii ni bajaji."

"Ongeza."

Yadi ilizungushiwa mabati yaliyotoboka. Ndani, milima ya vyuma: vitanda, rimu, fito za baiskeli, majiko. Mlangoni alisimama Katarina, mwanamke wa makamo aliyetoka bara miaka mingi, rozari shingoni, buti za mpira miguuni, mikono imejaa grisi hadi viwiko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo ameleta friji Haji wa guta. Ni langu. Nina kitu changu ndani."

Katarina hakusogea mlangoni. Akapumua kama mtu aliyekwisha kusikia hayo. "Bibi, nisikilize na usinichukie. Kila mwezi hapa anakuja mtu ana kitu chake ndani. Mwaka jana alikuja mmoja, kasema kaacha kitu kwenye kabati, nikamruhusu. Kabati hata halikuwa lake. Watu wangu wakamzuia, wakapigana kwa mapanga. Tangu siku hiyo hapa sheria ni moja. Mwenye kitu hukitaja kitu. Ukinitajia, nakwenda mwenyewe kutazama. Kikiwapo, chako."

Bi Kibibi akajua mwanamke yule amesema haki. Hata msikitini mtu akipoteza kitu huambiwa akitaje na alama zake. Lakini nyuma ya Katarina walishasimama vijana wanne wa kazi, na kando yake mwenyewe yupo Naila, na nyuma dereva wa bajaji ameshashuka kutazama.

"Ni nguo," akasema.

"Nguo gani?"

"Nguo tu. Zimo kwenye mfuko."

Mmoja wa wale vijana, Joachim, akacheka kwa pua. "Nguo! Bibi atoke Dunda na bajaji, jasho linamtiririka, kisa nguo? Wee! Bibi kaficha mkwanja."

"Joachim!" akasema Katarina.

"Si nasema tu, bosi."

Lakini neno lilishatua. Wenzake walitazamana. Naye Joachim akageuka, akaokota shoka lililoegemea pipa, akaanza kwenda nyuma ya yadi, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia.

Ndipo Bi Kibibi alipopita. Hakusukuma mtu. Alijiinamisha tu akapita chini ya mkono wa Katarina, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, na buibui lake likanasa kwenye bati likachanika, hakulitazama.

Nyuma ya yadi palikuwa na maganda matatu ya friji yamepangwa mstari. La kwanza lilishakuwa jivu na waya. La pili lilikuwa linawaka, sponji inachemka inadondoka matone ya moto, harufu inakwangua koo. La tatu lilikuwa rangi ya samli. Lilikuwa limelazwa kifudifudi. Milango imeng'olewa. Mota haipo, pale ilipokuwa pamebaki tundu na mirija iliyokatwa, na mafuta meusi yanachuruzika. Kati yake na moto palikuwa na hatua tatu, na upepo, ambao ulitakiwa uelekee porini, ulikuwa unageukageuka.

Joachim aliweka mguu juu ya friji. Akaangalia lile tundu la mota. "Kama kipo, kipo hapa," akasema. "Bibi, tukikipata tunagawana, sawa?" Akainua shoka.

"Usipige!"

"Nafungua tu, bibi."

"Usipige, nakuomba. Utalikata."

"Nitakata nini? Si useme!" Shoka lilikuwa bado juu. Kipande cha sponji chenye moto kikaruka kutoka friji la pili, kikaangukia ukingo wa la tatu, kikaanza kulamba.

Naila alifika anahema. Akamshika mkwewe mkono. "Mama, tuondoke. Chochote kilichomo, Abdulnasir atakununulia kingine."

Bi Kibibi akamtazama. Akautazama moto. Na neno lile la silabi mbili, alilolifungia mdomoni miaka yote hiyo, likatoka kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni.

"Sanda! Ni sanda yangu. Sanda yangu na ya mume wangu. Imetoka Makka. Usiikate!"

Shoka lilishuka, lakini pembeni, mchangani. Joachim aliondoa mguu wake juu ya friji kama aliyekanyaga kaburi. Mmoja wa vijana akavua kofia. Naila akauachia mkono wa mkwewe, akajiziba mdomo.

"Mchanga!" akapiga kelele Katarina. "Mnasimama? Tieni mchanga!"

Wakamwaga mchanga kwa mikono, kwa makarai, kwa bati. Moto wa ukingoni ukafa, ukabaki moshi. Wakaligeuza friji chali. Katarina akapiga magoti, akaitazama droo iliyokazwa, akaitazama mikono yake ya grisi, akasita. "Bibi, mimi mikono yangu haifai. Njoo uitoe mwenyewe."

Bi Kibibi akaingia nusu mwili ndani ya friji. Akachomoa kipande cha boksi. Droo ikatoka. Mkono ukaenda nyuma, ukapapasa, na kila mtu akainama kutazama, hata yule dereva wa bajaji. Ukatoka na mfuko.

Pembe moja ya nailoni ilikuwa imeyeyuka, na pale mota ilipong'olewa mafuta yalikuwa yameingia. Aliketi palepale juu ya rimu ya gari, akaufungua. Vipande vitano vya juu, vyake, vilikuwa vyeupe, vinanuka moshi tu. Vitatu vya chini, vya Mzee Mbaruku, vilikuwa vimekunywa mafuta. Vimeshikana vyeusi, na doa limepita kutoka kipande cha kwanza hadi cha tatu. Kichupa cha mawaridi kilipasuka, na kwa muda mfupi, katikati ya harufu ile ya sponji, ikanuka waridi.

Alivitazama vile vitatu. Hakulia. Alivipapasa kwa kidole kimoja kutafuta mahali peupe, akapapata, papana kama kiganja.

"Bibi, nisamehe," akasema Joachim. Shoka alishaliacha mchangani. "Wallahi sikujua. Bibi yangu kule Vigwaza naye anayo, kaiweka kwenye sanduku, hataki tuguse. Mimi nilidhani..."

"Ulidhani hela. Nisingekuficha usingedhani. Kaa, baba, uchukue pumzi."

Naila alikuwa amepiga magoti mbele ya mkwewe, mchanga hadi mapajani. "Mama, kwa nini hukuniambia? Siku zote hizi nasukuma, nafungua, nakutupia vitu vyako, na wewe unanitazama unasema Inshallah. Ningekuwa nimeichoma. Mimi, kwa mkono wangu!"

"Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia, 'Naila, usiguse.' Basi! Mimi ni mtoto wako."

Macho ya Naila yakashuka kwenye vile vitatu vyeusi. "Na hivi, ndiyo sanda ya Baba?" Aliuliza kwa sauti ndogo. "Mbona Baba alizikwa..." Aliikumbuka siku ile. Alikuwapo Dar. Ni yeye aliyetumwa dukani, haraka, akanunue bafta.

Simu yake ikalia. Pale yadi mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na ulibahatika saa hiyo. Akaitazama, akaibonyeza, akaiweka sauti ya juu kwa sababu mikono ilikuwa imejaa mchanga.

"Vipi, mama watoto," ilikuwa sauti ya Abdulnasir, ya furaha, nyuma yake honi za Dar. "Friji limetoka? Nimepata kenta, Jumamosi saa mbili asubuhi niko hapo. Mwambie Mama afunge nguo zake tu, vingine tutanunua."

Naila akamtazama mkwewe, akamnyooshea simu. "Zungumza na Mama."

"Mama? Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mbona kelele, mko wapi?"

"Tuko yadi, njia ya Msata. Nimekuja kuchukua kitu changu." Bi Kibibi aliishika simu kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso, kama watu wa umri wake wanavyoishika. Mapajani mfuko ulikuwa wazi, weupe juu na weusi chini. "Abdulnasir."

"Naam, Mama."

"Kenta usilete."

"Kwa nini? Kuna tatizo? Mama, tulishakubaliana, ulisema Inshallah..."

"Nilisema Inshallah, sikusema nataka. Hukuniuliza ninachotaka, na mimi sikukuambia, basi kosa ni letu wote wawili. Sasa nakuambia. Siendi Kimara. Nitakuja kukutembelea, nitalala siku tatu, nitarudi. Nataka nikae Dunda. Na siku yangu ikifika, popote itakaponikuta, nirudishwe nyumbani. Sanda yangu ninayo, mkeo ameiona."

Upande wa pili honi ziliendelea kulia. Abdulnasir akasema, polepole, "Mama, una sanda?"

"Ninayo. Na ya baba yako nilikuwa nayo."

"Ya Baba?"

"Siku ile niliketi nayo ukumbini, Abdulnasir. Tangu asubuhi mpaka Magharibi, iko mapajani ndani ya mfuko, watu wananitazama. Ulipopiga simu nikasema Alhamdulillahi, kwa sababu ulikuwa unalia." Bi Kibibi alikanda bafta iliyoloa mafuta, vidole vikawa vyeusi. "Nilitaka aletwe, mwanangu. Nilitaka baba yako aletwe nyumbani."